Kinachoua Si Nguvu za Ghaibu

Wapenzi wa sinema wa zamani wanaikumbuka The Fury, filamu ya mwaka 1978 iliyoongozwa na Brian De Palma wa Marekani. Majuzi niliitazama tena, nikaona jambo ambalo ujanani lilinipita.

Wengi husimulia ya Gillian, msichana ambaye akighadhibika watu hutokwa damu, na ya Robin, kijana awezaye kusukuma vitu kwa akili tu. Mimi naona kisa chenyewe kiko mwanzoni, ufukweni huko Mashariki ya Kati. Wenye bunduki wanashambulia, na Robin anaondolewa akiamini kuwa babake ameuawa na Waarabu. Kumbe baba yu hai! Shambulio limepangwa na Childress, rafiki wa baba huyo na mkuu wa idara ya siri ya Marekani. Amtaka kijana awe silaha yake. Ili chuki isipoe, Robin anaonyeshwa picha za shambulio lile lile.

Chuki hiyo inazaa. Huko Chicago, Robin anawaona Waarabu wenye kanzu wakijifurahisha kwenye bembea ya umeme. Anaizungusha kwa akili yake mpaka inang'oka na kuwarusha waliomo. Hawakumkosea lolote. Kosa lao ni vazi lao.

Marekani ilizitafuta nguvu hizo kweli. Tangu 1972 serikali yake iligharimia uchunguzi wa watu waliodai kuona ya mbali kwa akili. Mwaka 1995 mpango ukafungwa, kwa kuwa haukuwafaa majasusi.

Nguvu hizo hazikupatikana. Je, habari isiyo kweli? Hiyo ilikuwapo. Mwaka 2003 Marekani na Uingereza ziliivamia Iraq kwa madai ya silaha za maangamizi. Silaha hazikuonekana, na waliokufa hawakurudi.

Chuoni tulisomeshwa Sura ya Hujurati na agizo lake la kupeleleza habari kabla ya kuitendea kazi. Leo kompyuta yaweza kuunda picha ya jambo lisilotukia, nayo ikatufikia simuni kabla ya alfajiri. Nasi, msomaji, mara ngapi tumeipokea na kuipeleka kwa wengine bila kuuliza imetoka kwa nani? Twamlaani Childress, na huku twamfanyia kazi yake bila ujira.