Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wengi wetu tukaao mijini tumezoea kufikiri kwamba msitu haulindiki ila kwa askari na bunduki. Mwenye fikira hiyo yampasa apande milima ya Duru-Haitemba, Wilaya ya Babati, akajionee. Huko msitu wa miombo upatao hekta 9,000 watunzwa na vijiji vinane vinavyoupakana. Mlinzi wake si mtu aliyeletwa kutoka mbali. Ni mkulima wa papo hapo.

Haikuwa hivyo tangu awali. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Serikali iliazimia kuufanya msitu huo kuwa hifadhi yake. Nia ilikuwa njema, lakini wanavijiji waliona kuwa wananyang'anywa. Na mtu aonaye mali yake yachukuliwa hana huruma nayo tena. Mashoka yakazidi kulia. Ndipo, kuanzia mwaka 1994, maofisa wa misitu walipokubali jambo la busara: kuwaachia wenyeji kazi hiyo. Kila kijiji kikapewa sehemu yake, kikachagua kamati na walinzi, kikajitungia sheria ndogo. Kuchoma mkaa na kufyeka mashamba msituni kukapigwa marufuku. Kuokota kuni kavu na kuchuma uyoga kukaachwa. Hatimaye Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaitambua hifadhi ya msitu wa kijiji kote nchini.

Twasema wazi: kilichookoa msitu ule si hofu, bali ni haki. Lakini haki hiyo yaweza kupotea. Mlinzi wa kijiji huacha palizi yake ili akalinde mali ya wote. Ikiwa faini na ushuru vitaishia mifukoni mwa wachache, atachoka, na mashoka yatalia tena. Kwa hiyo kila kamati haina budi kuusomea mkutano wa kijiji hesabu zake, senti kwa senti.

Nasi wafanyakazi wa mijini tusijidanganye kuwa hatumo. Gunia la mkaa tulinunualo pasipo kuuliza lilikotoka laweza kuwa ndilo shoka letu mlimani. Na aendaye kuizuru milima ya namna hii aanzie ofisi ya kijiji, aombe ruhusa, alipe ada iliyowekwa na kudai stakabadhi. Wazee walinena, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni apitaye bila kubisha hodi hamponyi mtu.