Magomvi ya kanisa: kufuli mlangoni si suluhisho

Huku mashariki mwa Kongo, hadithi hii inajulikana na wengi. Mwakilishi wa kisheria wa kanisa anamaliza muda wake lakini hataki kuachia kiti. Kundi moja linamfuata, kundi lingine linachagua mtu wake. Siku ya Mungu ibada zinakuwa mbili, kesi inaenda tribinali, na mwishoni mlango wa kanisa unatiwa kufuli.

Ni nani anaumia? Ni familia zilizokimbia vita na kulala katika ukumbi wa kanisa hilo. Ni wanafunzi pia. Tangu mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 kati ya serikali na makanisa, shule nyingi za serikali zinasimamiwa na makanisa. Kanisa likigawanyika, shule inapata wakubwa wawili na mwalimu hajui afuate amri ya nani. Wapiganapo tembo, nyasi ndizo huumia.

Biblia ilikwisha kuonyesha njia. Katika Matayo sura ya 18, mwenye kukosewa anaenda kwanza kuongea na ndugu yake wawili tu, kisha anachukua mashahidi, kisha analeta jambo mbele ya kanisa. Paulo naye aliwakemea Wakorinto kwa kushitakiana mbele ya waamuzi wa nje. Wachungaji wanaojua maneno haya kwa kichwa ndio wa kwanza kutafuta avoka.

Upatanishi si kusali pamoja na kupeana mikono tu. Mpatanishi lazima atoke nje ya makundi mawili, asiwe wa kabila la mmoja ao mwenye deni kwa mwingine. Anasikiliza kila upande, na wenyewe ndio wanaokubaliana. Wakishindwa, wanaweza kuchagua waamuzi, kwa mfano watatu, na kutia sahihi mapema ya kwamba watafuata uamuzi wao. Na sheria haikatazi njia hizo: Kongo iliingia katika OHADA mwaka wa 2012, na mwaka wa 2017 umoja huo ulipitisha sheria juu ya upatanishi. Mapatano yaliyoandikwa yanaweza kupelekwa mbele ya muamuzi wa serikali ili yapate nguvu. Yasiyoandikwa yanasahauliwa kesho yake.

Kuna wanaosema kwamba upatanishi wa kanisa ni njia ya kufunika makosa. Hawasemi uongo. Mara nyingi wazee wanakaa wanaume peke yao, na mnyonge anaambiwa asamehe ili jina la kanisa lisichafuke. Kwa hiyo mpaka uwe wazi: kiti, kiwanja, hesabu ya sadaka na magari ya kanisa, wazee wapatanishe. Lakini ubakaji, kupiga mtu ao kumtesa mtoto ni kazi ya tribinali. Hapo hakuna mapatano ya mbuzi wala ya maombi. Na wanawake wakae mezani, pamoja na wale wanaolala katika ukumbi unaogombaniwa.

Mwanzoni mwa mwaka wa 2025, maaskofu wa CENCO na wachungaji wa ECC walizunguka wakiomba Wakongomani wakae pamoja. Mwezi wa pili walifika mpaka Goma kuongea na AFC/M23. Ilikuwa kazi ya kusifiwa. Lakini raia anauliza: mtumishi wa Mungu atamwambiaje mwenye bunduki akae mezani, ikiwa yeye mwenyewe hawezi kukaa na mchungaji mwenzake kwa ajili ya kiwanja?

Kila kanisa liandike leo, katika sheria zake za ndani, nani atapatanisha na kwa muda wa siku ngapi, mbele ugomvi haujafika. Wakati wa ugomvi hakuna anayekubali mpatanishi wa mwingine. Na wakati wakubwa wanapogombana, mlango wa ukumbi ubaki wazi. Mvua haingoji uamuzi wa tribinali.