Ndizi Haivuliwi Nguo

Wako wasomi wadaio kwamba Kiswahili ni maskini, kwa sababu hakina neno moja litoshalo kila mahali penye neno la Kiingereza "strip". Hoja hiyo huiita hazina ufukara. Mwenye kuiamini na apande kutoka Moshi mjini hadi Kibosho au Marangu, asikilize kazi za mikono zinavyotajwa.

Huko ndizi humenywa, gome la mti hubambuliwa, mbuzi huchunwa, na mwanafunzi arudipo nyumbani huvua sare. Mkulima wa kahawa huchuma matunda mekundu moja moja. Akilikamata tawi kwa kiganja na kulivuta, mabivu na mabichi yakaanguka pamoja, hakuchuma, amepurura. Tofauti ya vitendo hivyo ni tofauti ya bei, kwa maana matunda mabichi huharibu ladha ya kahawa. Iliyochumwa vema humenywa ganda jekundu, huoshwa, huanikwa, kisha hukobolewa ganda la ndani, kazi ijulikanayo sana Moshi, ambako kiwanda cha kukoboa kilianzishwa mwaka 1920.

Kiingereza nacho kina njia yake. Asili ya neno lile ni unyang'anyi: katika Kiingereza cha kale lilikuwa na maana ya kupora, na ndugu yake wa Kiholanzi, "stropen", hata leo hutumika kwa ujangili. Basi aliyevuliwa nguo, aliyepokonywa mali na mti usio gome huingia katika neno moja, kwa kuwa wote wameporwa. Kiswahili huuliza jambo jingine: kitu hicho kilishikanaje? Kilichovaliwa huvuliwa, kilichobandikwa hubanduliwa, kilichoambatana huambuliwa. Ile irabu "u" hulitengua tendo la kwanza. Hata madaraka huvuliwa, kana kwamba yalikuwa joho.

Madhara ya hoja ile hayaishii darasani. Bwana shamba aliyefundishwa kwamba lugha yake haitoshi atamkataza mkulima kwa neno la kigeni. Mkulima ataitikia kwa adabu, kisha ataendelea kupurura. Hasara itakayotokea mnadani haitaandikwa kwa jina la msomi, bali itakatwa katika malipo ya mkulima. Na neno la kumwonya lilikuwapo tangu zamani. Aliyekosekana ni mtu wa kulitumia.