Sabufa Sebuleni kwa Fedha Kidogo



Mahindi, maharage na alizeti vikishauzwa, kila mtu nyumbani huanza kutaja kitu chake. Huku kwetu Getanuwas, wilayani Hanang, sabufa siku hizi haikosekani katika orodha hiyo. Baba anataka taarifa ya habari na mpira, vijana wanataka muziki, nasi tunapenda kusikia kwaya tukiwa jikoni. Si jambo baya. Televisheni hizi nyembamba zina spika ndogo zilizofichwa chini au nyuma, na mvua ikipiga bati hatusikii kitu. Lakini fedha hizo hizo zinasubiriwa na sare za shule, madaftari na matibabu. Basi mwezi huu tuangalie namna ya kupata sauti nzuri bila kuumiza mfuko wala masikio ya watoto.

Kabla ya kununua

Kwanza, tujiulize tunataka kusikia nini. Bibi aliyekua na Kidatoga au Kiiraqw hufuata habari za Kiswahili kwa kusikiliza neno moja moja. Besi ikinguruma, maneno humezwa, naye hubaki kutazama picha tu. Nyumba inahitaji maneno yanayosikika. Kwa kazi hiyo, sabufa yenye boksi moja la besi na spika mbili ndogo inatosha. Zile za spika tano za kuzunguka chumba zinafaa filamu zilizorekodiwa kwa mtindo huo. Nyimbo nyingi hutoka kwa njia mbili tu, kushoto na kulia, hivyo spika za ziada huongeza gharama kuliko faida.

Pili, tusidanganywe na namba kubwa kwenye katoni. Tugeuze chombo chenyewe tusome kibandiko cha nyuma. Kama kinasema chombo kinakula wati 40 za umeme, hakiwezi kutoa sauti ya wati 1,000 mfululizo. Debe moja la mahindi halitoi gunia la unga. Kwa sebule ya kawaida, wati 20 za kweli zinatosha kabisa.

Tatu, tuende dukani na flashi yenye mahubiri au hotuba, siyo muziki peke yake. Tumwombe muuzaji apunguze besi, tusikilize kama kila neno linatoka. Kisha apandishe sauti kidogo. Kama boksi linatetemeka au sauti inakwaruza, tuiache. Kwa sabufa iliyotumika, tuangalie pia kama karatasi ya spika haijachanika.

Habari ya umeme

Wenye umeme wa nguzo wanunue na gadi ya kukinga umeme unaopanda na kushuka. Radi zikianza, tuchomoe waya ukutani.

Wenye sola wachague sabufa yenye sehemu ya kuunga waya wa volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Hiyo huokoa umeme unaopotea kwenye inveta. Tupige hesabu: sabufa ya wati 40 na televisheni ya wati 40, kwa saa 3, zinakula wati-saa 240. Betri ya volti 12 yenye Ah 50 ina wati-saa 600, lakini betri ya asidi hudumu zaidi tukitumia nusu tu, yaani 300. Inatosha, mradi taa na simu zisiongezwe nyingi. Betri ikae mahali penye hewa, mbali na moto na vitanda, na watoto wasiifikie. Asidi ikimrukia mtoto jichoni au kwenye ngozi, tuoshe papo hapo kwa maji mengi safi yanayotiririka, kisha tumpeleke kituo cha afya.

Kuipanga sebuleni

Hapa hakuna gharama. Spika mbili ndogo zikae pande mbili za televisheni, zikitazama tunapoketi, kwenye usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Umbali kati ya spika na spika ukaribiane na umbali kutoka kila spika hadi kwetu. Boksi la besi likae sakafuni. Tukilisukuma kwenye kona, mngurumo huongezeka. Tukilisogeza mbali na kona, hupungua.

Nyaya ziungwe kwa rangi: nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Spika moja ikiungwa kinyume, besi hupungua na sauti huonekana kama inaelea hewani, na mtu hudhani ameuziwa kitu kibovu.

Nyumba ya bati bila dari, yenye sakafu ya saruji, hurudisha mwangwi. Mkeka au zulia chini, mapazia mazito na vitambaa vya makochi hunywa mwangwi huo. Mara nyingi mkeka mmoja husaidia kuliko kuongeza spika.

Masikio ya watoto

Sisi wauguzi tunalisema hili kwa msisitizo. Ndani ya sikio kuna vinyweleo vidogo vinavyopokea sauti. Vikifa kwa kelele havioti tena, wala hakuna dawa ya kuvirudisha. Shirika la Afya Duniani linashauri watu wazima wasipite desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na watoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zikiongezeka desibeli 3, muda wa usalama hupungua kwa nusu.

Hatuna vipimo nyumbani, lakini tuna kipimo rahisi. Tukae karibu na mwenzetu, umbali wa kunyoosha mkono. Kama ni lazima kupaza sauti ili asikie, kelele imezidi. Masikio yakivuma baada ya muziki, hiyo ni dalili ya kuumia. Mtoto mchanga asilazwe karibu na spika, na watoto wasicheze wakiwa wameegemea boksi. Mtoto anayeongeza sauti kila mara, au haitiki akiitwa kutoka nyuma, apelekwe kupimwa. Huenda si mkaidi, hasikii.

Makubaliano ya nyumbani

Mama, zungumza na mzee nyumbani kabla fedha hazijatoka mfukoni. Mahitaji ya shule na ya matibabu yatengwe kwanza, kisha mpange kiasi cha sabufa pamoja na gadi na nyaya zake. Mkubaliane pia saa ya kuizima, ili watoto wasome na jirani mwenye mgonjwa apumzike. Siku ya kwanza, tafuteni kiwango ambacho bibi anasikia na watoto hawapazi sauti kuongea. Wekeni alama ya rangi ya kucha kwenye kitufe, na watoto wajue kwamba hapo hapavukwi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.