Mchezo wa Vita na Ukweli wa Vita



Katika miji yetu mingi vimo vibanda ambamo vijana hulipa fedha kidogo wakacheza michezo ya video. Mingine ni ya mpira, mingine ni ya vita. Mzazi akiulizwa husema, afadhali yuko pale kuliko kuzurura. Jibu hilo lina busara yake. Hata hivyo yatupasa kuuliza: katika vita hivyo vya kwenye kioo, ni nani aliyeamua kwamba huyu ni adui na yule ni rafiki?

Swali hili si la kitoto. Mwaka 2002 Jeshi la Marekani lilitoa mchezo wake lenyewe, America's Army, likaugawa bure ili kuwavutia vijana wajiandikishe. Mchezo huo ulidumu miaka 20 hadi ulipofungwa mwaka 2022. Serikali haigharimii mchezo kwa miaka yote hiyo kwa ajili ya burudani tu. Ilifahamu kuwa moyo hutekwa kwanza, ndipo mkono ushike bunduki.

Makampuni ya biashara nayo yana simulizi zao. Februari 1991, majeshi ya Iraki yakikimbia kutoka Kuwait, ndege za Marekani na washirika wake ziliyashambulia barabarani, na njia ile ikaitwa Barabara ya Kifo. Mwaka 2019 ulitoka mchezo wa Call of Duty: Modern Warfare. Humo imo barabara yenye jina hilohilo, katika nchi ya kubuni, na aliyeishambulia ni Mrusi. Tendo limebaki, mtendaji amebadilishwa.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni wa Angola. Sehemu ya mwanzo ya mchezo wa Call of Duty: Black Ops II, uliotolewa Novemba 2012, imewekwa Angola ya mwaka 1986. Mchezaji ni Mmarekani wa shughuli za siri, akipigana bega kwa bega na Jonas Savimbi, kiongozi wa UNITA. Askari wa MPLA wapo ili wapigwe risasi. Kisha hadithi huhamia nchi nyingine. Miongoni mwa washauri wa mchezo huo alikuwamo Oliver North, ofisa aliyehusika katika kashfa ya serikali ya Marekani ya kuiuzia Iran silaha na kuwasaidia kwa siri waasi wa Nikaragua.

Historia yenyewe haihami upesi hivyo. Januari 1986 Rais Ronald Reagan alimpokea Savimbi Ikulu, na Marekani ikampa makombora ya kutungulia ndege. Makaburu wa Afrika Kusini walimsaidia pia. Urusi ya Kisovieti na Kuba ziliisaidia serikali ya MPLA. Mwaka 1992 Savimbi alikataa matokeo ya uchaguzi akarudia silaha. Mwaka uliofuata mji wa Huambo ulipiganiwa kwa siku 55. Mei 1993 Marekani yenyewe iliitambua serikali ile aliyokuwa akiipinga, lakini vita viliendelea hadi alipouawa Februari 2002. Ilikuwa zaidi ya miaka 26 tangu uhuru, na waliokufa wanakadiriwa kufikia nusu milioni. Mabomu ya kutegwa ardhini yalibaki mashambani yakiwasubiri wakulima.

Watoto watatu wa Savimbi waliishitaki kampuni hiyo nchini Ufaransa, wakilalamika kwamba baba yao ameonyeshwa kama mshenzi. Mwaka 2016 mahakama ya Nanterre iliyakataa madai yao. Upande wa kampuni ulikuwa umejitetea kwamba ameonyeshwa vyema, akija kuwasaidia mashujaa. Tafakari neno hilo: Waangola wanauana katika nchi yao, na mashujaa ni wageni.

Angola ilikuwa na mashujaa wa namna nyingine. Askofu Mkuu Zacarias Kamwenho wa Lubango aliongoza umoja wa Makanisa uliodai mazungumzo wakati pande zote mbili zilitaka ushindi. Mwaka 2001 Bunge la Ulaya lilimpa Tuzo ya Sakharov. Katika mchezo ule, hakuna kitufe cha kubonyeza ili watu waketi wazungumze.

Wapo watakaosema, "Ni mchezo tu." Hatudai kwamba kijana atatoka kibandani akaue mtu. Tunasema kwamba raia asiyejua vita vilivyokuwa atashangilia vita vijavyo, na wakubwa watakapogombania madini ya nchi maskini hatauliza nani anafaidika. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mchezo humfundisha kijana kutazama akiwa juu ya mgongo wa tembo.

Wala si kila mchezo uko hivyo. This War of Mine, uliotengenezwa Poland mwaka 2014 kwa kukumbuka kuzingirwa kwa Sarajevo, humweka mchezaji mahali pa raia wanaotafuta chakula na dawa. Hivyo ufundi wenyewe hauna kosa; kosa liko katika simulizi linalochaguliwa.

Kwa hiyo, viongozi wa walei, kupiga marufuku hakutafaa kitu. Ingieni vibandani, ketini na vijana, waulizeni: Vita hivi vilipiganwa wapi? Nani alileta silaha? Raia wako wapi? Na katika jumuiya zetu wamo waliokimbia vita halisi. Wakiridhia kusimulia, wapeni nafasi vijana wawasikilize.