Babu kapimwa sukari ikasoma 8.4, je, ni kisukari?

Inatokea katika familia nyingi. Mzee wa miaka 60 na zaidi anapita penye upimaji wa bure, anachomwa kidole, anarudi nyumbani na karatasi yenye namba moja: 8.4. Kabla ya chakula cha usiku watoto wameshagawanyika. Mmoja ameificha sukari ya chai, mwingine anauliza mti gani huchemshwa, wa tatu anasema mzee ana nguvu zake, aachwe.

Wote wamewahi kuamua. Namba hiyo haina maana mpaka ijulikane mzee alikula saa ngapi.

Akipimwa asubuhi, akiwa amekaa angalau saa nane bila chakula wala kinywaji isipokuwa maji, 8.4 ni kubwa. Kwa kipimo cha kufunga namna hiyo, Shirika la Afya Duniani (WHO) huhesabu milimoli 7.0 kwa lita na kuendelea kuwa ni kisukari, na kati ya 6.1 na 6.9 kuwa sukari imeanza kuyumba. Lakini kama alikuwa ametoka kunywa chai na maandazi muda mfupi kabla, 8.4 yaweza kuwa ya mtu mzima kabisa. Kwa kipimo cha wakati wowote, kisukari hutajwa kuanzia 11.1, na mtu awe na dalili. Asiye na dalili hupimwa tena siku nyingine kabla ya kuambiwa ni mgonjwa. Hata homa kali au vidonge vya prednisoloni vinaweza kuipandisha sukari kwa muda.

Kipo kipimo kingine ambacho hakijali chai ya asubuhi. Maabara hukiandika HbA1c, na wengi wanakijua kama kipimo cha miezi mitatu. Sukari inayozunguka mwilini hujishika kwenye himoglobini, ile rangi nyekundu ya damu, nayo hubaki humo mpaka chembe ya damu ife. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kipimo huonyesha wastani wa wiki nyingi. WHO ilikikubali mwaka 2011 kwa kutambua kisukari, na mpaka wake ni asilimia 6.5.

Hapo ndipo mzazi anayeishi Kibondo au Kasulu, ndani ya kambi ya Nduta au kijiji jirani, anapaswa kuuliza swali la ziada. Kigoma ni miongoni mwa mikoa yenye malaria nyingi nchini, na malaria huua chembe nyekundu kabla ya siku zake. Chembe changa hazijakaa na sukari muda wa kutosha, hivyo kipimo kinaweza kusoma chini kuliko hali halisi. Aliyepoteza damu nyingi au kuongezewa damu karibuni naye majibu yake hayaaminiki. Upungufu wa madini ya chuma huweza kufanya kinyume chake, ukakipandisha bila sukari kuongezeka.

Kuna na urithi. Katika nchi za malaria watu wengi hubeba kinasaba kimoja cha selimundu bila kuumwa chochote. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, uliofanywa kwa Wamarekani weusi, ulionyesha kwamba wenye kinasaba hicho husoma chini kwa karibu pointi 0.3, ingawa sukari yao ni sawa na ya wenzao. Mwaka huohuo utafiti mwingine ulionyesha kwamba wanaume wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao nao ni wa kawaida Afrika, hushuka kwa karibu pointi 0.8. Mzee wa namna hiyo anaweza kupewa 6.0, akapongezwa, na kumbe ameshavuka mpaka. Ndiyo maana kipimo cha kufunga, ambacho wengi hukiona cha kizamani, bado kina kazi yake: kikitofautiana sana na HbA1c, daktari aulizwe kuhusu damu yenyewe.

Wapo wanaosema kisukari ni cha watu wa mjini. Miaka ya 1980 walikuwa na haki. Watafiti walipopima zaidi ya watu 6,000 katika vijiji sita vya Tanzania, wenye kisukari hawakufika mmoja katika kila mia. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban tisa katika mia. Tafiti hizo mbili hazikufanana katika kila kitu, lakini pengo hilo si dogo.

Uzee wenyewe ni mzigo. Misuli, ambayo ndiyo hula sukari nyingi, hupungua, na kongosho huchoka kutoa insulini. Tena mzee huenda asilalamike kiu. Anaanza kukonda, anaamka mara nne usiku kukojoa, kidonda cha mguu hakifungi, macho yana ukungu, na nyumba nzima inasema ni umri. Kumwondolea kijiko cha sukari huku sinia la ugali likibaki lilelile ni kazi nusu. Wanga nao hugeuka sukari.

Kosa la hatari zaidi ni vidonge vya jirani. Glibenklamaidi hushusha sukari hata kama mzee hajala, na mwili wake huchelewa kuitoa. Katika kaya ambayo mlo ni mmoja kwa siku, au mgao wa kambini umepunguzwa, anaweza kukutwa alfajiri ametokwa jasho, anaongea yasiyoeleweka. Akiwa anaweza kumeza, apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe hospitali. Kwa wazee dhaifu madaktari wengi hukubali HbA1c iliyo karibu na 8, kwa sababu kushuka ghafla huua haraka kuliko kupanda kidogo.

Nduta ilifunguliwa upya mwaka 2015 kwa wakimbizi wa Burundi, na tangu 2017 familia zimekuwa zikirudi makwao. Anayesafiri na mzee abebe daftari la kliniki lenye tarehe, namba, kama alikuwa amekula, na jina la dawa. Huko anaweza kukuta mashine inayosoma kwa miligramu: 7.0 ya Kibondo itaandikwa 126, na sukari itakuwa haijapanda hata kidogo.