Laini yako, jina la nani?

Usajili wa laini za simu kwa alama za vidole ulianza nchini Tanzania tarehe 1 Mei 2019. Kila mwenye laini alitakiwa kuisajili upya kwa namba ya kitambulisho cha taifa, kinachotolewa na NIDA, na kuweka kidole kwenye mashine. Mwisho ulikuwa 31 Desemba 2019, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020, kisha laini ambazo hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa.

Kwa Kigoma, agizo hilo lilikuwa zito kuliko kwingi. Mkoa unapakana na Burundi, na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika ni Kongo. Koo nyingi zina ndugu pande zote. Mwombaji wa kitambulisho huulizwa walikozaliwa wazazi na babu zake, na asiye na karatasi za kuonyesha husubiri. Simu haisubiri. Wengi wakaomba kidole cha shemeji, jirani au tajiri wa mtumbwi, laini zikasajiliwa kwa majina hayo.

Matatizo huonekana pesa zinapoingia. Mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi anauza mzigo kwa mteja wa Dar es Salaam. Mteja anapotaka kulipa, skrini inamwonyesha jina asilolijua, naye anasita, kwa kuwa ndivyo matapeli wanavyonaswa. Simu ikitumbukia majini, mchuuzi hawezi kurudisha laini mpaka mwenye kidole afike mwenyewe. Kama amehama, wamegombana au amefariki, namba imepotea na salio limekwama. Mwenye jina naye hayuko salama: laini hiyo ikitumika kutapeli, polisi wataanza kubisha mlangoni kwake.

Wapo pia waliotoa jina bila kujua. Msajili anayekaa chini ya mwavuli humwambia mteja kuwa mashine haijasoma, aweke kidole tena, na mara ya pili anasajili laini nyingine. Laini za namna hiyo ndizo huwafaa wanaotuma ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Kinga iliyo karibu ni kupiga *106#, kuangalia namba zote zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako, na kutaka usiyoitambua ifutwe. Namba ya tapeli huripotiwa kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Taarifa huvuja hata bila mashine. Kwenye vibanda vingi vya wakala, kuanzia stendi hadi Ujiji, kuna daftari kubwa lililochorwa mistari kwa rula: tarehe, jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Anayeandika leo anasoma mistari yote ya waliomtangulia. Kwa dakika moja mtu anaweza kujua nani ametoa laki tano na namba yake ni ipi.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa azitumie kwa lengo lililotajwa tu na azilinde zisiwafikie wasiohusika. Inampa mwenye taarifa haki ya kujua kilichohifadhiwa, kutaka makosa yarekebishwe, na kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Daftari lililoachwa wazi mezani haliendani na masharti hayo. Ukurasa wa mteja mmojammoja, au karatasi ya kufunika mistari ya juu, ungepunguza hatari kwa gharama ndogo.

Haki hizo, hata hivyo, humfuata mwenye jina. Mchuuzi anayetumia laini ya shemeji ni mgeni mbele ya kampuni ya simu, ingawa namba, pesa na wateja ni wake. Kwa hiyo ulinzi wa taarifa mwambao wa Ziwa Tanganyika unaanzia kwenye dirisha la NIDA: maombi yaliyokwama yajibiwe kwa muda unaojulikana, anayekataliwa aelezwe sababu, na aliyepata namba ya NIDA asaidiwe kuhamishia laini kwenye jina lake bila kupoteza salio.